Shina la boga kubwa likipasuka: nini cha kufanya, hatua kwa hatua

Boga la Atlantic Giant, aina ya maboga makubwa ya mashindano, likifika kwenye kasi yake ya juu, wiki tatu hadi nne hivi baada ya ua kuchavushwa, linaweza kuongezeka kilo 15 hadi 20 kwa siku moja. Maji na chakula chote hicho kinapita kwenye shina lenye uwazi katikati. Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, ndiye aliyeizalisha mbegu hii, na boga lake la 1981 lililovunja rekodi ya dunia lilikuwa na pauni 493.5, karibu kilo 224. Mwezi Oktoba 2025 huko Uingereza, ndugu mapacha Ian na Stuart Paton walipandisha mizani boga la kilo 1,278.8. Uzito umepanda zaidi ya mara tano, lakini shina limebaki bomba laini linalotambaa juu ya udongo. Ndiyo maana linapasuka, na ndiyo maana kila anayelima maboga haya, awe Ontario, Minnesota au Hampshire, lazima ajue la kufanya siku atakapoukuta ufa.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ambao wamepata kipande cha ardhi na wameingia kwenye kilimo hiki. Nimeona watu wakiukuta ufa mwezi Julai na kung'oa mmea mzima siku hiyo hiyo kwa kudhani umekwisha. Haujaisha. Ufa peke yake mara nyingi haui mmea. Kinachoua ni maji kutuama ndani ya ufa, kisha uozo ukaingia. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ina lengo hilo moja: kuliweka jeraha kavu hadi lijifunge lenyewe.

Maneno machache kwanza ili tuelewane. Shina mama ni lile refu linalotoka kwenye mbegu na kubeba boga. Matawi ni yale yanayochipuka pembeni yake. Kifundo ni pale jani linapotokea, na chini ya kila kifundo mmea unaweza kutoa mizizi mipya. Pingili ni sehemu iliyo kati ya kifundo na kifundo, kama ya muwa. Kitako ni pale mmea ulipotokea ardhini, na kikonyo ni kile kishikizo kinachounganisha boga na shina. Nikisema mbele, namaanisha upande wa ncha ya shina; nyuma ni upande wa kitako.

Hatua ya kwanza: jua ni ufa gani

Piga goti, sogeza majani, angalia ufa unaelekea wapi. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mirija inayopitisha maji na chakula ndani ya shina inakwenda sambamba na urefu wake. Ufa unaofuata urefu wa shina hupenya katikati ya mirija bila kuikata mingi, na mmea unaendelea kula na kunywa. Nimeona ufa wa namna hiyo unaoingiza kidole, umepita pingili mbili, na majani ya mbele yake hayakunyauka hata saa sita mchana. Ufa wa kukingama, unaokata shina kwa upana, ni habari nyingine. Huo unakata mirija moja kwa moja, na ukifika nusu ya unene wa shina uko hatarini kweli.

Kisha tazama mahali ulipo. Ufa katikati ya pingili, mbali na boga, ndio mwepesi. Ufa kwenye njia panda, pale tawi linapoachana na shina mama, unashika maji ya mvua kama kikombe, kwa hiyo unahitaji uangalizi wa kila siku. Ufa wa kwenye kitako na ule wa kwenye kikonyo nimeutengea maelezo yake mbele.

Hakikisha pia kwamba unachokiona ni ufa kweli. Mashariki mwa Amerika ya Kaskazini kuna nondo ambaye kiwavi wake hutoboa shina la maboga na kuishi ndani. Dalili yake ni tundu dogo lenye uchafu unaofanana na unga wa mbao uliolowa, mara nyingi karibu na kitako. Huyo unapasua shina kwa urefu kwa wembe safi, unamtoa, kisha unalitibu jeraha kama ufa mwingine wowote. Na ukiona shina linatoa utomvu mzito wa rangi ya kahawia huku kingo za majani zikikauka, huo ni ugonjwa wa ukungu wa shina, na dawa yake si ya jeraha moja bali ya mmea mzima.

Hatua ya pili: acha maji, na usiliguse shina asubuhi

Funga mpira wa maji. Asubuhi shina limejaa maji ya usiku, limekaza na linavunjika kwa urahisi, kwa hiyo ukilisogeza saa hiyo unaurefusha ufa kwa mikono yako mwenyewe. Subiri alasiri, jua likiwa kali na majani yamelegea kidogo. Hapo shina linapinda bila kukatika. Kanuni hii ishike kwa kila kazi ya kulisogeza shina, si ya ufa tu.

Kama unamwagilia kwa mitambo inayonyunyiza kutoka juu, izuie isifike kwenye eneo lile. Mizizi inywe kwa mpira wa matone au kwa kumwagilia taratibu chini ya majani.

Hatua ya tatu: safisha jeraha

Andaa maji ya jiki: sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji. Kisu, wembe, kijiko, chochote kitakachogusa jeraha kipite humo kwanza. Vaa glavu.

Ufa mbichi, wenye nyama ya kijani kibichi au nyeupe na kingo safi, usiuchokonoe. Ufute tu kwa kitambaa safi utoe udongo na maji. Ufa wa siku kadhaa ambao umeanza kuwa na utelezi au rangi ya kahawia, ukwangue kwa ncha ya kijiko hadi ufikie nyama ngumu yenye rangi nzuri, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya jiki na kukamuliwa. Nasema kilichokamuliwa kwa sababu wapo wanaomimina jiki ndani ya shina, na inayotiririka humo ndani inakwenda kuunguza sehemu ambazo hazikuwa na tatizo.

Majani mawili matatu yanayofunika ufa yakate kwenye shingo zao. Mmea mkubwa una majani mengi mno kuathirika kwa matatu, na upepo utakaopita pale una faida kuliko kivuli chake.

Hatua ya nne: likaushe, kisha weka unga

Jua na upepo vinatosha ikiwa hali ya hewa ni nzuri. Kama siku ni za mawingu na unyevu, weka feni ndogo ipulize moja kwa moja kwenye ufa, mchana na usiku, hadi kingo zianze kuwa kavu na ngumu kama gamba. Feni ya mezani ya bei nafuu inatosha, ila waya na soketi viwe vya kutumika nje na visiguse maji.

Ufa ukishakauka, upake salfa ya unga. Ni salfa ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua kwa kupambana na ubwiriunga, na katika nchi nyingi inauzwa kwenye maduka ya bustani. Chovya brashi ndogo ya rangi ndani ya unga upake kingo na ndani ya ufa, tabaka jembamba tu. Dawa nyingine za unga za kuua ukungu zinafaa pia ikiwa zimeruhusiwa kwa maboga katika nchi uliyopo. Soma kibandiko, maana sheria za Kanada, Marekani na Uingereza hazifanani. Paka jioni. Salfa huunguza majani joto likizidi nyuzi 32 hivi, na usiitumie karibu na siku ulizopuliza dawa ya mafuta, acha angalau wiki mbili katikati. Funika pua na macho unapoipaka.

Mvua ikinyesha, rudia yote mawili: kausha, paka. Unga uliolowa na kugandamana ndani ya ufa unahifadhi unyevu badala ya kuufukuza, kwa hiyo utoe wa zamani kabla ya kuweka mpya.

Hatua ya tano: likinge na mvua bila kulifunga

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapouua mmea wao. Wanachukua utepe wa gundi, plastiki, hata bendeji, wanaufunga ufa usiingie maji. Ndani ya plastiki ile joto na jasho la mmea vinakusanyika, na baada ya siku tatu unafungua unakuta uji. Ufa unahitaji paa, hauhitaji nguo. Chomeka vijiti vinne, tandaza kipande cha turubai au plastiki ngumu juu yake kwa mwinamo, kiache kimo cha shibiri moja kati ya paa na shina ili hewa ipite pande zote. Hakikisha maji ya paa yanamwagikia mbali.

Ufa wa njia panda unaoshika maji, nyonya maji yale kwa kona ya kitambaa kila baada ya mvua, hata kama kuna paa.

Hatua ya sita: lipe shina egemeo

Shina lililopasuka halitakiwi kuning'inia. Jaza udongo au mchanga chini ya pingili ile hadi shina lilale kwa raha, kisha chomeka vijiti viwili vilivyopishana juu yake, upande huu na upande ule wa ufa, ili upepo usilipindue. Ufa wa kukingama pekee ndio ninaoukubali ufungwe. Weka vijiti viwili vya mwanzi sambamba na shina kama gango la mfupa, uvifunge kwa vipande vya kitambaa laini mbali kidogo na jeraha, jeraha lenyewe libaki wazi. Usikaze. Shina linaendelea kunenepa, na kamba iliyokaza leo wiki ijayo inakata nyama.

Hatua ya saba: tafuta mizizi ya akiba

Huu ndio uzuri wa mmea wa maboga. Haukutegemea mzizi mmoja tu. Chukua vifundo viwili vitatu vya mbele ya ufa na viwili vya nyuma yake, chimba mfereji mfupi chini ya kila kimoja, laza kifundo humo, fukia kwa udongo uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, halafu uweke unyevu. Baada ya muda mfupi mizizi itatoka. Ufa ukiharibika baadaye, sehemu ya mbele inakuwa na kinywa chake yenyewe.

Ufa usiufukie. Wapo wanaoufukia kwa imani kwamba udongo utaufunga, na wengine wamebahatika, lakini kulaza nyama mbichi kwenye udongo wenye unyevu na ukungu wa kila namna ni kucheza bahati nasibu na kazi ya msimu mzima. Fukia vifundo, acha ufa upate hewa.

Kitako kikipasuka na kutoa povu

Kitako ndicho sehemu kongwe ya mmea, na mwezi Agosti kinaweza kupasuka na kuanza kutoa povu lenye harufu ya pombe iliyochacha. Vimelea vimeingia kwenye utomvu vinauchachua. Ondoa matandazo na udongo uliorundikana pembeni, kata majani makongwe yanayokizunguka, kwangua sehemu yote iliyolainika hadi kwenye nyama ngumu, panga feni. Wakulima wengi wa maboga haya hutoboa tundu la unene wa penseli upande wa chini kabisa wa sehemu inayochacha ili maji yatoke badala ya kuzama. Kama ulifukia vifundo vyako mapema, boga linaweza kumaliza msimu hata kitako kikiwa kimeoza chote. Kama hukufukia, anza leo kwa vile ulivyonavyo.

Kikonyo na shina la karibu na boga

Hili ni suala la peke yake, kwa sababu hapa ufa hausababishwi na mvua wala upepo, unasababishwa na boga. Boga linaponenepa linainuka. Mabega yake yanasukuma shina kutoka pande zote mbili, kikonyo kinapanda juu, lakini shina limeshikwa chini na mizizi ya vifundo. Kitu kimoja kinavuta juu, kingine kinavuta chini, na kinachopasuka ni kile kilicho katikati.

Kazi ianze boga likiwa na ukubwa wa mpira wa miguu. Lengo ni kikonyo kifanye pembe ya mraba na shina. Kama kimelalia upande mmoja, sogeza boga sentimita chache tu kila alasiri, siku baada ya siku, kamwe usilisogeze lote kwa mara moja. Wakati huo huo pindisha shina mama taratibu liachane na boga pande zote mbili, liwe na umbo la upinde wenye boga upande wa nje, ili mabega yakikua yapate nafasi. Vifundo viwili vya kila upande wa kikonyo visiwe na mizizi ardhini. Kama imeshatoka, ikate kwa kisu chembamba chini ya shina, shina liweze kunyanyuka. Tawi linalotokea hapo hapo upande wa boga liondoe likiwa bado changa.

Ukichelewa na ufa ukatokea, usianze na salfa. Anza na kuondoa mvutano. Kata mizizi iliyobaki, legeza vijiti, chomeka kipande cha sponji ya godoro pale bega la boga linapogusa shina. Ndipo ukaushe na kupaka. Ufa wa juu juu wa kikonyo, unaofanana na ganda la mti lililochanika, ni wa kawaida kwa maboga yanayokua kwa kasi. Unaoonyesha uwazi wa ndani ndio wa kupigania. Kumbuka pia kwamba kwenye mashindano, ufa wa shina haukuondoi. Kinachokuondoa ni boga lenyewe kuwa na ufa au tundu linalofika kwenye uwazi wake wa ndani.

Shina bapa

Wakati mwingine shina mama linakua pana na bapa, lina majani mengi yaliyobanana, kana kwamba mashina mawili yameungana. Shina la namna hii linapasuka kirahisi na ni vigumu kupata boga zuri juu yake. Kama bado hujachavusha, ushauri wangu ni kulikata na kuliacha tawi lenye nguvu la karibu lichukue uongozi. Utapoteza siku kadhaa za mwanzo, lakini utakuwa na shina la duara.

Nyufa zinazuilika

Mmea unaopata ukame siku tano halafu ukafurikishwa siku ya sita utapasuka. Mwagilia kila siku kwa kiasi kinacholingana, na kabla ya mvua kubwa iliyotabiriwa punguza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inarefusha shina haraka kuliko linavyoweza kukomaa, kwa hiyo matawi yakishachanganya punguza naitrojeni, na hakikisha udongo una kalisi na potasi za kutosha. Kipimo cha udongo cha majira ya kuchipua kitakuambia. Mmea mchanga ambao haujashika ardhi uwekee kizuizi cha upepo upande unaotoka upepo wa kwenu. Na fukia vifundo kila shina linaporefuka, isipokuwa vile viwili vya kila upande wa kikonyo.

Ncha za matawi utakazokuwa ukikata kila siku ni msusa mzuri kabisa. Zipike kwa nazi au karanga. Ila mmea ukishapakwa au kupulizwa dawa yoyote, rudi kwenye kibandiko uone kama zao hilo linaruhusiwa kuliwa na baada ya siku ngapi. Kibandiko kikisema tunda tu, au kikiwa kimya juu ya majani, peleka kwenye mboji. Mbegu zilizouzwa zikiwa zimepakwa dawa ya wadudu nazo zihesabu humo.

Wakati wa kukubali

Kuna nyufa zisizopona. Majani yote ya mbele ya ufa yakinyauka na yasiinuke hata alfajiri, mirija imekatika. Ikiwa hayo yako mbele ya boga, kata shina lile pale pale, paka salfa kwenye gutu, ruhusu matawi ya karibu yafanye kazi yake. Ikiwa ufa uko kati ya kitako na boga, na vifundo vya upande wa boga vina mizizi, kata sehemu iliyooza na uendelee. Boga litakua polepole lakini litakua. Boga la akiba kwenye tawi jingine usiliondoe hadi uwe na uhakika na la kwanza, na kwa kawaida nangoja kama wiki mbili baada ya kuchavusha. Ila likiisha kuwa wazi kwamba la kwanza ni zima, liondoe bila huruma, maana linakula chakula kile kile.

Kuanzia Septemba usiku unapokuwa baridi, ukuaji unapungua na nyufa za zamani zinakauka ngumu. Endelea kuzipitia kila asubuhi kwa macho tu, paa likiwa pale pale, hadi siku ya kukata boga. Siku hiyo kata shina pande zote mbili za kikonyo kwa alasiri kavu, ukiacha kipande kifupi kila upande.